FMCG ni nini hasa kwa mwenye duka la mtaani? Afisa mikopo kaniuliza nikashindwa kujibu

DukaKona:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina duka la rejareja hapa Mbagala, la kawaida tu, mwaka wa nne sasa. Wiki iliyopita nilienda kuomba mkopo kwenye taasisi moja, afisa ananijazia fomu akaniuliza "biashara yako ni FMCG?" mimi nikajua ni aina fulani ya usajili, nikasema hapana sina hiyo. Akaandika "biashara mchanganyiko" tukaendelea. Kumbe pale ndo palikuwa na kazi, maana nimepewa marejesho ya mkupuo kila mwisho wa mwezi, wakati mwenzangu wa mtaa wa pili, duka kama langu na kiwango kilekile, amepewa ya kila wiki kidogo kidogo kwa sababu yeye aliulizwa hivohivo akajibu ndiyo. Mimi wiki ingenifaa sana, hela yangu inaingia kila siku, ikikaa mwezi mzima kwenye droo leo ada, kesho msiba, keshokutwa mgonjwa, tarehe ikifika unaanza kukimbizana na watu.

Nimetafuta maana yake nimeona ni maneno manne ya Kiingereza, fast-moving consumer goods, yaani bidhaa za walaji zinazotoka haraka. Hapo nimeelewa nusu. Dukani nina sukari, unga, chumvi, sabuni za mche, mafuta ya kupima, majani ya chai, kiberiti. Lakini pia nina chupa za chai, ndoo, sahani za melamini, kandambili na nje nina gunia la mkaa nauza kwa kopo. Sasa mkaa unaisha kabla ya vyote. Mkaa ni FMCG? Na chupa ya chai je, maana kila nyumba inayo na inatumika kila siku asubuhi. Naombeni mnifafanulie kwa lugha ya dukani jamani, na nikirudi kule niseme nini.

MtuWaJumla:
Dada pole, hilo neno limewapita wengi na wala sio ushamba, sisi wa jumla huku Kariakoo tunalisikia kila siku kwa watu wa mauzo wa kampuni ndo maana tumelizoea. Ukisikia mtu anasema yuko FMCG ujue anauza vitu vya kula, kunywa, kufulia, kuogea, kupigia mswaki, vitu ambavyo mteja akinunua leo vinaisha wiki hii au mwezi huu anarudi tena. Unilever, Bidco, Azam, MeTL, hao wote wanaitwa kampuni za FMCG. Wamarekani wao wana jina jingine, wanaziita bidhaa za walaji za kwenye pakiti, kitu kilekile.

Kwa lugha yetu ya dukani ni "mzigo unaotembea". Na siri yake yote iko kwenye neno kutembea, faida yake kwa kimoja ni ndogo mno, unakula kwa kuzungusha. Ukiuza boksi la kiberiti huwezi kutajirika kwa boksi moja, lakini hakuna siku inayopita hujauza kiberiti. Chupa ya chai ni kinyume chake, ukiuza moja unapata hela nzuri ila unaikuta pale pale mwezi wa pili ina vumbi. Kutumika kila siku sio kununuliwa kila siku, hapo ndo watu wengi wanachanganya. Kitanda unakilalia kila siku, unanunua vingapi maishani?

Kwa hiyo chupa sio. Kandambili sio. Mkaa nao kwa kweli mimi sijawahi kusikia mtu wa mauzo akiuita FMCG, hauna pakiti, hauna jina la kampuni, hauna msambazaji.

Ticha_Uchumi:
Nafundisha uchumi sekondari, naomba niongezee kidogo maana hapa kuna maneno mawili tofauti yanaingiliana.

FMCG ni neno la watu wa biashara na masoko. Kwenye uchumi wenyewe, hasa wanaohesabu matumizi ya kaya, wanagawa vitu kwa muda vinavyodumu. Kuna bidhaa za kudumu kama friji, kabati, pikipiki. Kuna zinazodumu kiasi, yaani unazitumia zaidi ya mwaka lakini sio miaka mingi, humo ndo ziko nguo, viatu, vyombo vya jikoni. Halafu zisizodumu, zinazokwisha kwa kutumika, chakula, sabuni, na kuni na mkaa pia wamo humo. Kwa mgawanyo huo chupa yako ya chai na kandambili ziko kundi la katikati, mkaa uko kundi moja na sukari. Kwa hiyo dada swali lako la mkaa wala halikuwa la kijinga, mkaa ni bidhaa isiyodumu kwa asilimia mia, tofauti yake na sukari ni kwamba haujafungwa kiwandani tu.

Kuna mgawanyo mwingine wa zamani ambao mimi naupenda zaidi kwa sababu hauangalii kitu chenyewe, unaangalia mnunuzi anavyonunua. Ni wa Melvin Copeland wa Harvard, aliuandika 1923. Alisema kuna vitu mtu ananunua karibu na kwake bila kuhangaika kulinganisha, kuna vitu anazunguka maduka mawili matatu kwanza kuangalia bei na ubora, na kuna vitu anavifuata popote vilipo hata mbali kwa sababu anavitaka vilevile. Chumvi ni ya kwanza, hakuna mtu anapanda daladala kutafuta chumvi ya nafuu. Chupa ya chai ni ya pili, mama atakuja kwako ataishika, ataifungua kifuniko, atauliza bei, atasema "ngoja nirudi", ameenda kuangalia pengine. Hujamuudhi, ndivyo kitu hicho kinavyonunuliwa.

Baadaye watu wa masoko wakaligawa lile kundi la kwanza, na hapa ndo kuna faida kwako wewe mwenye duka. Kuna vya lazima, unga, mafuta, sabuni. Kuna vya tamaa, pipi, biskuti, vinanunuliwa kwa sababu mtoto ameviona, ndo maana vinakaa mbele kabisa kwenye dirisha. Na kuna vya dharura. Mshumaa hautembei wiki nzima, lakini umeme ukikatika saa moja usiku unauza pakiti zote ndani ya dakika ishirini. Ukisema unauza vinavyotembea tu ukatoa mishumaa, siku hiyo watu wataenda duka jingine na wakishafika kule watanunua na mkate huko huko.

Jambo la mwisho, mtu wa takwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, aliangalia matumizi ya familia mwaka 1857 akakuta kwamba familia kadiri inavyokuwa na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya hela yake inavyokwenda kwenye chakula. Ndo maana hata mambo yakiwa magumu mtaani unga wa dukani kwako hausimami, kinachosimama kwanza ni melamini.

Kadogo254:
Habari zenu, mimi niko Kisumu, nina duka la mtaa. Huku Kenya hii kitu tumeipatia jina letu, uchumi wa kadogo, na jina lilitoka kwa wateja wenyewe si kwa vitabu, mtu anakuja anasema "nipatie kadogo". Kadogo ka sukari, kadogo ka mafuta, kadogo ka sabuni ya unga. Wenye kampuni wakaiona wakaanza kupakia vipakiti vya shilingi tano, kumi, ishirini.

Angalia hizo bei, zote ni sarafu. Mteja wangu anashika sarafu ya kumi mkononi, hiyo ndiyo bajeti yake ya sabuni leo. Kampuni haiwezi kumwambia leo ni kumi na moja. Kwa hivyo vitu vikipanda bei inabaki kumi, gramu ndizo zinapungua. Mimi nimewahi kuweka kipakiti cha zamani na kipya kwa mizani yangu ya duka, rangi ni ile ile, picha ni ile ile, bei ni ile ile, lakini mshale haukufika pale pale. Kwa mkono huwezi jua. Siku hizi huwa nasoma gramu kabla sijachukua katoni, na mama akiniuliza ipi iko sawa namwonyesha kale kamaandishi kadogo huko nyuma.

Na hii ndio sehemu inaniuma kwa hii biashara, nitaisema wazi. Anayenunua kadogo ndiye analipa zaidi kwa kila gramu. Mwenye pesa ananunua mafuta lita tano mara moja, mwenye hana anakuja mara tatu kwa siku na kikombe, ukijumlisha ya mwezi yeye ndiye amelipa nyingi. Nina wateja wawili wa miaka mingi nimewaambia wawe wananiachia sarafu kila jioni, ikifika bei ya chupa nzima wanachukua chupa nzima. Inatembea kidogo polepole kwangu lakini hawajawahi kwenda duka lingine.

Kwa swali la mkaa mimi niko na mwalimu. Kwa duka langu makaa ndiyo inatoka mbio kuliko kitu chochote.

MtuWaJumla:
Sikatai kwamba mkaa unatoka mwalimu, nachosema ni kwamba ukienda benki ukasema mkaa ni FMCG watakushangaa, neno lina wenyewe. Ni kama ukisema "vipuri", kila mtu anajua ni vya gari au mashine, hata kama kitasa cha mlango nacho kina vipande vyake.

Ila nakubali na hili, usipokee neno kutoka kwa mtu wa mauzo ukalichukua kama lilivyo. Kiwi ya viatu kwa vitabu vyao ni FMCG, dawa ya meno ile kubwa ya familia ni FMCG, lakini ukikaa mtaa ambao watu wanavaa kandambili wiki nzima ile kiwi itakaa mpaka ikauke kwenye kopo. Mtu wa mauzo atakwambia "mama hii inatembea sana", inatembea wapi? Kwenye duka la nani? Muulize hivyo hivyo. Mzigo unatembea au hautembei kwenye shelfu YAKO, daftari lako ndo litakujibu. DukaKona unaandika mauzo? Tupe namba tuone.

DukaKona:
Asanteni sana mmenifungua. Naandika ndiyo, marehemu baba alikuwa na duka na ile mali bila daftari alikuwa anatuimbia mpaka usingizini. Nimekaa jana usiku na daftari nimepiga hizi.

Chupa za chai nilinunua 6, moja 18,000, jumla 108,000. Miezi mitatu nimeuza 2 kwa 25,000, faida 14,000, na 72,000 yangu bado imekaa juu ya shelfu inaniangalia.

Sukari mfuko wa kilo 50 nanunua 138,000. Nauza 3,000 kwa kilo, nyingi robo na nusu. Hapo ukipima robo robo mfuko hautoi 50, unatoa 49 kwa sababu mzani ukilalia kidogo upande wa mteja mara mia mbili, ndo kilo hiyo. Na siwezi kuubana, watu wanajua jicho. Kwa hiyo 147,000, faida 9,000, hapo sijatoa mifuko ya kaki ambayo toka plastiki imepigwa marufuku Juni 2019 nayo imekuwa gharama ya peke yake. Faida ya mfuko mzima wa sukari inazidi ya chupa moja ya chai kwa elfu mbili tu!! Nilivoona hivyo nikasikitika kwanza. Halafu nikahesabu siku, mfuko unaisha siku 5. Miezi mitatu hiyohiyo nimenunua mifuko 18. Tisa elfu mara 18 ni 162,000, na hela ni ileile 138,000 inaenda inarudi inaenda inarudi. Kwa kweli sikuwahi kuiangalia hivi. Nilikuwa nasema sukari haina faida naiweka kuvutia wateja tu.

Sasa kwenye fomu naandika nini, maana nina vyote viwili.

BintiMhasibu:
Hongera dada kwa daftari, hapo umeshamaliza kazi ngumu. Mimi ni mhasibu, nimewahi kukaa upande ule wa kupitia maombi ya mikopo midogo, nikueleze wanachotafuta pale. Wakikuuliza FMCG hawakuulizi cheti. Wanataka kujua hela yako inarudi baada ya siku ngapi ili wapange marejesho yafuate mwendo huo. Mwenye fenicha anauza meza tatu kwa mwezi, ukimwambia alete kila Ijumaa unamuua. Mwenye sukari na unga ukimsubirisha mwezi mzima nae umemuweka pabaya kama ulivyosema mwenyewe.

Kwa hiyo wape mzunguko wa stoki. Chukua mzigo wote uliouza mwezi mmoja KWA BEI YA KUNUNULIA, sio ya kuuzia, gawa kwa thamani ya mzigo uliopo dukani siku ya kawaida. Unapata mara ngapi duka linazunguka kwa mwezi. Kisha 30 gawa kwa hiyo namba unapata siku. Piga mara mbili, mara ya kwanza duka zima, mara ya pili tenga vyombo na kandambili pembeni.

Halafu kuna kitu hamjakigusa humu, madeni. Mteja akichukua unga kwa mkopo mzigo umetembea lakini hela haijatembea. Kama una laki mbili kwenye daftari la wanaodaiwa usijidanganye kwamba zile zimezunguka, huwezi kwenda nazo kwa jumla kesho asubuhi. Nimeona maduka yanauza kweli kweli, shelfu zinaisha kila wiki, na mwenye duka hana nauli ya kufuata mzigo.

DukaKona:
Nimepiga dada mhasibu, niangalizie kama ndivyo. Mzigo niliouza mwezi uliopita kwa bei ya kununulia 2,700,000. Mzigo uliopo dukani kwa wastani 1,800,000. Nikigawa napata mara 1.5, siku 20.

Vyombo na kandambili peke yake, mzigo uliokaa ni 540,000, nilichouza mwezi mzima ni 60,000. Hapo inakuja 0.11, yaani kama miezi tisa ndo viishe!! Nikivitoa, vilivyobaki ni mauzo 2,640,000 kwa mzigo wa 1,260,000, mara 2.1 kwa mwezi, siku 14.

Wanaodaiwa nimejumlisha ni 185,000. Nyingi ni za watu watatu tu, na mmoja amehama.

BintiMhasibu:
Sawasawa kabisa. Basi kaa na sentensi yako moja, usiongeze maneno: "Nina duka la rejareja la bidhaa za matumizi ya nyumbani, FMCG, vyakula na sabuni, mzigo unazunguka kila wiki mbili. Vyombo ni sehemu ndogo ya mauzo." Mkaa usiutaje kwenye FMCG, utaje peke yake, mwambie na mkaa nauza, unaisha gunia kwa siku kadhaa, hiyo ni nguvu kwako haijalishi inaitwaje. Nenda na daftari mkononi, fungua ukurasa waone tarehe. Uliza kama wanaweza kubadilisha ratiba ya marejesho kabla hujalipa la kwanza, ni rahisi zaidi wakati huo kuliko baadaye. Na zile wiki mbili uzitoe kwenye daftari kweli, usizipunguze ili upendeze, ukikubali marejesho makali kuliko mwendo wa duka utakuja kulipa kwa mtaji.

Ticha_Uchumi:
DukaKona naomba nitumie hizi namba zako darasani bila kutaja ni nani wala wapi. Wanafunzi wangu wanakariri "bidhaa zisizodumu" kwa mtihani halafu jioni wanatumwa sukari robo hawajui ni kitu hichohicho.

MtuWaJumla:
Chupa nne zilizobaki dada zishushe mpaka 20,000, zisogeze mbele zionekane, ukizimaliza nne una 80,000. Hiyo ni zaidi ya nusu mfuko wa sukari. Usinunue nyingine mpaka mtu aje aulizie mwenyewe.

DukaKona:
Mwalimu tumia tu, nimefurahi. Nimerudi kule leo asubuhi na daftari. Afisa alikuwa mwingine, kijana, kafungua ukurasa wa mwezi wa jana kasoma yeye mwenyewe mstari kwa mstari mpaka kwenye mkaa akauliza "hili kopo ni la ukubwa gani?" nikamwonyesha kwa mikono. Amebadilisha, nalipa kila Jumatatu kuanzia wiki ijayo. Chupa moja nimeuza mchana kwa 20,000, yule mama aliyekuwa anasema "ngoja nirudi" toka mwezi wa nane. Naenda kufuata sukari kesho alfajiri, MtuWaJumla nielekeze duka lako liko mtaa gani nije kwako.

MtuWaJumla:
Karibu sana. Nakuandikia pembeni. Njoo kabla ya saa mbili, mfuko upimwe ukiwa unaona.